Bodi nyepesi juu ya chesisi nzito: pima kabla hujakata



Wiki jana baada ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata barazani. Babake alifariki mwaka uliopita, Allah amrehemu, akaacha Land Cruiser pikapu ya miaka ya tisini, ile HZJ75, aliyoitumia kubebea samaki na saruji baina ya Malindi na Mokowe. Injini yake mpaka leo inawaka asubuhi kwa mkupuo mmoja. Chesisi imegongwa nyundo kila pahali na haikutoboka. Lakini bodi imebaki jina tu. Sakafu ya upande wa dereva ina matundu mpaka unaiona lami, nguzo za kioo zimelika, na mlango mmoja unafungwa kwa kamba.

"Ami," akaniambia, "nimepata bodi ya Hilux dabo kebini ya mwaka 2008. Chesisi yake ilikatika kwa kutu, lakini bodi ni safi. Fundi asema ataikalisha juu ya chesisi ya marehemu kwa wiki mbili. Nataka mama aende kwao Witu akiwa amekaa kwenye kiti cha maana. Wewe waonaje?"

Nilimwambia anipe siku chache. Swali lake si lake peke yake. Hapa Pwani hewa ya bahari inakula mabati kabla ya kula chuma kinene, na kila gereji ina gari ambalo miguu yake ni mizima na mwili wake umeoza. Wenye magari hayo wengi wanawaza kama yeye: chesisi ni nzito na ngumu, bodi ni nyepesi, basi kitakachotoka ni gari imara zaidi. Mimi nina diploma ya ufundi wa magari niliyoisomea Mombasa Polytechnic kabla haijawa chuo kikuu, na nimeshika spana miaka mingi. Nimeona kazi ya namna hii ikitoka vizuri, na nimeona ikikaribia kuua watu, mimi nikiwa mmoja wao. Leo naeleza tofauti iko wapi.

Chesisi ni nini na bodi ni nini

Magari madogo mengi tunayoendesha mjini, kama Vitz na Probox, hayana chesisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Huwezi kuivua ukabaki na gari.

Land Cruiser ya kazi, Hilux, Land Rover Defender za zamani na malori yameundwa kwa njia nyingine. Chini kuna boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, mfano wa ngazi iliyolazwa. Ngazi hiyo ndiyo chesisi. Injini, gia boksi, ekseli, springi na breki vyote vimeshikana nayo. Bodi inakuja juu na kukalia mipira, ikafungwa kwa bolti. Ukizifungua bolti hizo, ukachomoa nyaya, mabomba na usukani, bodi inanyanyuka nzima.

Aliyewahi kuona jahazi likiundwa ataelewa upesi. Mkuku na mataruma hubeba chombo, mbao humkinga baharia na maji. Mbao zikioza zinabadilishwa na chombo kinabaki kilekile. Hapo ndipo wazo la kijana wetu lilipotoka, na kwa kweli si wazo baya.

Waundaji wenyewe wamelifanya. Toyota ilipoanza kutoa Land Cruiser 70 mwaka 1984, lilikuwa gari la kazi nzito, lenye springi bapa mbele na nyuma. Mwaka uliofuata kampuni ikatoa tawi jepesi lenye sura karibu ileile, na mwaka 1990 tawi hilo likapewa jina la Prado. Lakini tazama walichofanya. Hawakuchukua bodi wakaibadilisha vyuma vya chini basi. Walibadilisha ekseli, wakaweka springi za koili, wakaweka injini ndogo, wakapanga upya vyote vilivyohusiana. Somo ni hilo: bodi, springi, breki na uzito ni hesabu moja. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinataka kuhesabiwa tena.

Chombo kisicho na farumi

Manahodha wetu walijua kwamba jahazi lililoundwa kubeba mikoko na chokaa halisafiri salama likiwa tupu. Hutiwa farumi, mawe au mchanga chini kabisa, ili litulie. Bila farumi chombo kinayumba juu ya maji kama kifuu.

Chesisi ya gari la kazi ni hivyo hivyo. Springi za nyuma za pikapu ya mizigo zimepangwa zibebe karibu tani moja ya shehena bila kulala. Gari la marehemu lilikuwa na sanduku la chuma nyuma, zito lenyewe hata kabla ya kupakia kitu. Kijana akiliondoa, akaweka bodi ya dabo kebini yenye kisanduku kifupi cha bati, na juu yake watu watano na mkoba wa nguo, springi zile zitakuwa zinabeba sehemu ndogo tu ya kazi zilizoundiwa.

Piga hesabu ndogo ya mfano. Tuseme springi za nyuma hushuka milimita 1 kwa kila kilo 10. Ukiondoa kilo 300, nyuma ya gari itapanda milimita 30. Mtu atasema sentimita tatu ni nini. Lakini gari sasa limeinama mbele, taa zinamulika chini, na springi zimebaki ngumu kama ubao. Likipita kwenye tuta, springi haikunjiki kuumeza mshindo. Inaurusha mwili mzima wa gari juu. Gurudumu nalo linaruka, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halipindi kona.

Mama anayepelekwa Witu atayasikia haya mgongoni mwake. Dereva atayasikia kwenye kona.

Dawa ipo, nayo si kutoa vyuma vya springi ovyo kama wafanyavyo wengine. Kwanza gari likishakamilika lipelekwe kwenye mizani, lipimwe ekseli ya mbele na ya nyuma mbali mbali, likiwa na watu na mafuta. Kisha zitafutwe springi za uzito huo, za pande zote mbili sawasawa, na shokabsoba zinazolingana nazo. Shokabsoba ngumu ya lori juu ya springi laini ni kosa lilelile limegeuzwa.

Tepu ya kupimia haina urafiki

Fundi hodari akikuambia "itakaa tu," muombe tepu. Kuna vipimo ambavyo havibembelezeki.

Cha kwanza ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma. HZJ75 pikapu ina milimita 2,980. Hilux ya mwaka 2008 ina milimita 3,085. Tofauti ni milimita 105, zaidi ya sentimita kumi. Maana yake, ukilinganisha gurudumu la mbele na tundu lake kwenye bodi, la nyuma litakuwa limesogea mbele likisugua ukingo wa tundu lake. Hapo fundi ana njia tatu. Arefushe chesisi, akate kisanduku cha nyuma na kukisogeza, au akiache kabisa na kuunda kipya. Ya kwanza ni kazi ya watu wenye vifaa na ujuzi maalumu, kwa sababu boriti iliyokatwa na kuungwa vibaya huvunjika palepale ilipoungwa, na huvunjika ukiwa umepakia. Ya pili na ya tatu zinagusa bati tu, nazo ni salama zaidi.

Cha pili ni nafasi ya injini. Hilux ile ilitoka na injini ya silinda nne. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2. Ni ndefu. Ama radieta itasukumwa mbele, ama ukuta wa bati baina ya injini na abiria utakatwa. Ukuta huo si pambo. Ndio unaoshika pedali, usukani na dashibodi, na ndio unaozuia moto na moshi usiingie ndani. Ukikatwa, lazima uundwe upya kwa bati la unene uleule na kuzibwa kila tundu.

Cha tatu ni ekseli ya mbele. Hilux ile kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake. HZJ75 ina ekseli moja nzima ya chuma inayokatiza chini ya injini, na gurudumu moja likipanda, ekseli yote inapanda upande huo pamoja na mkono wa usukani. Bodi ya Hilux haikuachiwa nafasi ya mambo hayo. Ndiyo maana mafundi huinyanyua kwa vipande vya chuma au mbao, jambo nitakalolirudia.

Cha nne ni umeme. 1HZ haina kompyuta. Pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa gia na mafuta. Bodi ya Hilux ya 2008 imejaa nyaya zinazosubiri habari kutoka kwa kompyuta ya injini yake. Usipopanga, mita ya mwendo imekufa, geji ya joto imekufa, na utajua injini imechemka ukiona moshi. Mifuko ya hewa nayo, iliyowekwa kulinda watu wakati wa ajali, ilipimwa kwa chesisi ya Hilux na namna inavyojikunja. Juu ya chesisi nyingine huwezi kuitegemea. Tena baadhi ya Land Cruiser za zamani zina umeme wa volti 24, na taa na redio za volti 12 zitaungua siku ya kwanza.

Kabla ya hayo yote, ipimwe chesisi yenyewe kwa mshazari: kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto. Vipimo viwili visipolingana, chesisi imepinda, na hakuna bodi itakayokaa sawa juu yake.

Usiichomelee bodi kwenye chesisi

Chesisi ya ngazi hujinyonga. Gurudumu moja likiingia shimoni, boriti moja inashuka na nyingine inabaki. Hilo ni jambo la kawaida, na gari la porini linalihitaji ili magurudumu yote yaguse ardhi. Mipira iliyo baina ya chesisi na bodi ndiyo inayomeza mnyongo huo.

Nimeona mafundi wakiondoa mipira na kuchomelea bodi moja kwa moja, kwa hoja kwamba "haitacheza." Baada ya miezi, nyufa zinatokea kwenye nguzo za milango, kioo cha mbele kinapasuka bila kupigwa na jiwe, na mlango unafunguka wenyewe kwenye mashimo. Bodi nyepesi imelazimishwa kunyongeka pamoja na chuma kizito, na kati ya viwili hivyo, bati ndilo linaloshindwa.

Kwa Wajerumani wanaounda Unimog, lori mashuhuri la porini, kunyongeka kwa chesisi ni jambo la makusudi, na kebini yake imekalishwa juu ya sehemu tatu. Kiti cha miguu mitatu hakitetereki hata sakafu ikiwa na mabonde. Kwa bodi ndefu kama ya dabo kebini hatuendi huko, lakini kanuni ni moja: chesisi iachiwe nafasi ya kujinyonga bila kuivuta bodi.

Basi yaundwe mabano mapya ya chuma, kila mguu wa bodi upate bano lake. Kama bodi ilitoka kiwandani na miguu kumi, isifungwe kwa minne. Gari likigonga, bodi na watu waliomo wanataka kuendelea mbele, na hizo bolti ndizo zinazowazuia. Matundu yatobolewe kwenye ubavu wa boriti, yasitobolewe kwenye ukingo wake wa juu au wa chini, kwa sababu kingo ndizo zinazobeba mvuto mkubwa. Bano likishaungwa lipakwe rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, maana moto wa kuchomelea umeunguza kinga yote iliyokuwapo. Hapa kwetu chuma kilicho wazi hakimalizi msimu mmoja wa kusi.

Jaribio ni rahisi. Bodi ikishafungwa, nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki mpaka litoke ardhini, kisha fungua na ufunge milango yote minne. Ukikuta mlango umekwama, bodi inanyongwa. Rudi kwenye mipira na mabano.

Siku niliyoangalia nilikotoka

Nilisema mimi nilikuwa mmoja wa walionusurika. Mwaka 2011 mimi na rafiki yangu tuliweka bodi nyepesi ya stesheni wagoni juu ya chesisi ya gari la mizigo. Ilipendeza. Watu walikuwa wakisimama kuitazama.

Magari mengi ya mizigo yana vali ndogo ya breki karibu na ekseli ya nyuma. Vali imefungwa kwenye chesisi, na ina kifimbo kinachoshikana na ekseli. Mzigo ukiwa mwingi, chesisi inashuka, kifimbo kinasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu kamili. Mzigo ukitoka, chesisi inapanda, na vali inapunguza nguvu ili magurudumu mepesi ya nyuma yasijifunge.

Bodi yetu ilikuwa nyepesi, nyuma ilikuwa imepanda, na vali ikaona gari ni tupu siku zote. Breki za nyuma zikawa dhaifu. Fundi wetu badala ya kurekebisha kifimbo, aliitoa vali yote na kuunganisha bomba moja kwa moja. "Sasa breki ni kali," akasema. Na kweli zilikuwa kali.

Tulipofika Vipingo, mvua ilikuwa imeanza kunyesha, ile ya mwanzo inayotelezesha lami. Mbuzi alikatiza. Nilikanyaga breki na magurudumu ya nyuma yakajifunga kabla ya yale ya mbele. Gari lenye magurudumu ya nyuma yaliyojifunga haliendi mbele, linataka kugeuka. Tulizunguka mara moja na nusu, tukasimama ndani ya mkonge tukiangalia tulikotoka. Alhamdulillahi hakukuwa na lori nyuma yetu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, amelala kiti cha nyuma, na hakuamka.

Tangu siku hiyo nikiulizwa kuhusu bodi, naanza kwa breki. Vali ibaki. Kifimbo chake kirekebishwe kulingana na urefu mpya wa gari. Kisha lijaribiwe mahali pasipo na watu, kwa mwendo mdogo, likiwa tupu na likiwa na mzigo, mtu mwingine akitazama kutoka nje magurudumu gani yanajifunga kwanza. Yakiwa ya nyuma, gari halitoki.

Kimo na kona

Hapa kuna jambo la kheri nisilotaka kulificha. Chesisi nzito chini na bodi nyepesi juu ni mpangilio unaosaidia gari lisipinduke, kwa kuwa uzito mwingi uko karibu na ardhi. Ni farumi ya aina yake. Tatizo ni kwamba faida hiyo huliwa kidogo kidogo na sisi wenyewe.

Wapimaji wa Marekani wana hesabu nyepesi waliyoanza kuitumia kuyapa magari alama za kupinduka tangu magari ya mwaka 2001. Chukua nusu ya upana baina ya magurudumu ya kushoto na kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa kubwa, gari limetulia. Likiwa dogo, linapinduka kwa urahisi.

Tuseme gari letu lina upana wa mita 1.5 na kitovu chake kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Jibu ni 1. Sasa fundi ainyanyue bodi sentimita 10 ili ekseli ipate nafasi. Kama gari zima ni kilo 2,200 na bodi pamoja na watu ni kilo 900, kitovu cha gari lote kitapanda sentimita 4 hivi, na jibu litashuka mpaka 0.95. Weka keriya juu ya paa na kilo 100 za magunia ya nazi, kitovu kinapanda karibu sentimita 5 nyingine, na jibu linafika 0.89. Umeona? Magunia mawili ya juu yamefanya madhara zaidi ya kuinyanyua bodi nzima. Na safari ya mama kwenda Witu, nani atarudi bila nazi na maembe?

Kwa hiyo bodi isinyanyuliwe zaidi ya inavyolazimu, vinyanyuzi viwe vya chuma wala si mbao, na mzigo ukae sakafuni.

Gari ni ile namba

Sasa makaratasi, ambayo wengi huyakumbuka askari akishawasimamisha.

Kwa sheria, utambulisho wa gari la namna hii ni namba ya chesisi. Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na mfumo wa pointi wa kuamua kama gari lililoundwa upya libaki na namba yake ya zamani. Ulihitaji pointi 8. Chesisi ilikuwa na pointi 5. Springi, ekseli, gia boksi na usukani pointi 2 kila kimoja. Injini pointi 1. Bodi iliyokalia chesisi haikuwa na pointi hata moja. Hiyo yakuonyesha gari ni nini hasa.

Kwetu Kenya, logibuku ina namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi na uzito. Ukibadilisha bodi, ulichonacho barabarani hakifanani tena na kilichoandikwa. Unatakiwa kuomba NTSA ibadilishe maelezo hayo na gari likaguliwe. Weka risiti ya bodi uliyonunua na nakala ya logibuku ya gari ilikotoka, ili siku ukiulizwa usionekane umenunua mali ya wizi. Na asikudanganye mtu kukata kile kipande chenye namba ya chesisi na kukichomelea kwingine. Huo si ufundi, ni jinai.

Bima nayo iambiwe kwa maandishi. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa yule anayekata bima. Ukificha kwamba Land Cruiser sasa ni kitu kingine, siku ya ajali kampuni itakuwa na sababu ya kukukatalia fidia ya gari lako. Na kama mtu anawaza kubeba abiria wa kulipa, ajue kwamba bodi za magari ya abiria zina kiwango chake, KS 372, na kazi ya gereji ya uani haifiki hapo.

Kwa kijana wetu kuna jambo jingine kubwa zaidi, nalo nilimwambia kabla ya yote. Gari lile ni mirathi. Logibuku bado ina jina la marehemu, na ndani ya chuma kile kuna fungu la mama, la dada zake wawili na la ndugu yake mdogo. Hana ruhusa ya kulivua bodi na kuliuza chuma chakavu kwa nia njema. Warithi wakae, wakubaliane, waende kwa Kadhi mirathi igawanywe na jina libadilishwe. Baada ya hapo ndipo spana itoke sandukuni.

Nilichomwambia

Jana nilimuita. Nikampa tepu, tukalala chini ya gari pamoja tukapima. Chesisi iko sawa kwa mshazari, marehemu aliitunza. Kisha nikamwambia kwamba bodi ya Hilux inawezekana, lakini si kwa wiki mbili na si kwa bei aliyotajiwa. Kazi ya kweli iko kwenye ukuta wa injini, mabano, nyaya, springi na breki, na hayo hayakuwamo katika hesabu ya fundi.

"Mwanangu," nikamwambia, "kuna njia fupi. Tafuta bodi ya ndugu yake." Land Cruiser 75 ya mlango wa nyuma, ile ndefu ya abiria iliyokuwa ikitumiwa sana na mashirika na watalii, ina umbali uleule wa milimita 2,980 baina ya ekseli, na ilitoka kiwandani na injini ileile. Mabano yatahitaji kuhakikiwa moja moja, na springi za nyuma bado zitalainishwa ziendane na watu badala ya saruji. Lakini ukuta wa injini hautakatwa, usukani utaingia mahali pake, na bodi haitanyanyuliwa hata sentimita moja. Haina sura ya Hilux. Viti vya maana unaweza kuvinunua.

Akanyamaza kidogo, akaipapasa boriti ya chesisi kwa kiganja. "Baba alikuwa akiiosha kwa maji matamu kila akirudi Mokowe," akasema. "Ndiyo maana haikuoza."

Nami nikaongeza moja, na ninawaambia nyote mlio na magari ya kazi hapa Pwani: fanyeni kama marehemu. Maji ya bomba chini ya gari kila mkitoka ufukweni, matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, na mafuta yapakwe ndani ya boriti mara moja kwa mwaka. Bodi itakayotunzwa hivyo haitamlazimu mtoto wenu kuniuliza swali hili.

Allah awape subira waliofiwa, na atuhifadhi sote na ajali za barabarani. Amin.